Ukuta wa shule ni wa nani?



Juma hili nataka tuzungumze juu ya kigae. Si kigae cha kuezekea nyumba, bali kile kidogo cha kupachika ukutani, chenye upana wa inchi 4 na urefu wa inchi 4, kinachoenea katika kiganja cha mkono. Kigae cha namna hiyo kiliwahi kuwafikisha mahakamani wazazi waliofiwa na uongozi wa shule walikosoma watoto wao. Kesi hiyo ilikuwa ya Marekani, lakini fundisho lake ni la kila mwalimu mkuu, kila kamati ya shule, na kila mzazi ambaye mwanawe anakaa dawati moja na mtoto wa dini nyingine.

Shule yenyewe ni Columbine, sekondari ya serikali iliyoko katika jimbo la Colorado. Jina hilo wengi mmelisikia, na mmelisikia kwa ubaya. Tarehe 20 Aprili 1999 wanafunzi wawili wa shule hiyo waliingia na bunduki na mabomu, wakawaua wanafunzi wenzao 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Wengi wa waliouawa waliuawa ndani ya maktaba.

Shule ilifungwa, na wakubwa wake wakabaki na swali zito. Watoto hawa watarudije katika jengo lile lile, wapite katika korido zile zile walimokimbia wakiokoa roho zao? Wanafunzi walitakiwa kurudi mwezi Agosti mwaka huo huo. Hapana budi kuta zibadilike sura.

Kabla ya msiba, mwalimu wa sanaa na mkutubi wa shule hiyo walikuwa wamebuni mpango wa wanafunzi kuchora vigae, vichomwe katika tanuri, kisha vipachikwe kwenye kuta za korido. Lilikuwa jambo la kupamba shule tu. Baada ya msiba mpango huo ukapanuliwa. Wakaalikwa pia wazazi na ndugu wa waliouawa, watu wa uokoaji waliofika siku ile, na waganga waliowahudumia majeruhi. Kila mmoja achore chake, na vyote viungane kuwa pambo moja kubwa la shule. Mwishowe vigae vilivyopachikwa vilizidi 2,000.

Ila kulikuwa na masharti. Isiandikwe tarehe ya shambulio. Yasiandikwe majina wala herufi za kwanza za majina ya wanafunzi. Usichorwe utepe wa maombolezo wa Columbine. Isichorwe alama yoyote ya dini. Wala kisichorwe kitu cha matusi au cha kuudhi. Uongozi ulikuwa na sababu zake. Haukutaka ukuta wa shule ugeuke kaburi. Mtoto anayekwenda kwenye somo la hesabu asikutane kila asubuhi na jina la rafiki yake aliyekufa. Wala haukutaka korido iwe mahali pa kubishania dini.

Sasa tafakari, ndugu msikilizaji, hali ya mzazi aliyempoteza mwanawe. Amepewa brashi na rangi, ameambiwa achore. Atachora nini? Maua? Kipepeo? Baadhi ya wazazi wale walichora kilichokuwa moyoni. Walichora msalaba. Waliandika kwamba Yesu Kristo ni Bwana. Mwingine aliandika tarehe ile ya msiba, na pembeni yake yale maneno ya Injili ya Yohana yanayosimulia kwamba Yesu alilia. Vigae hivyo havikupachikwa.

Wazazi walilalamika, na uongozi ukalegeza kamba kidogo. Ukasema: haya, majina na herufi za majina sasa ruhusa. Tarehe nyingine zisizo ile ya shambulio ruhusa. Utepe ruhusa. Lakini alama za dini, hapana, na tarehe ile, hapana. Tena, katika wingi wa vigae vile, vimo vilivyokiuka masharti vikapita bila kuonekana, vikapachikwa, na baadaye vingine vikabanduliwa. Wazazi wakaona hapa pana mizani miwili. Wakaenda mahakamani.

Mahakama ya kwanza, mwaka 2001, iliwapa wazazi haki katika dai lao la uhuru wa kusema. Shule ikakata rufaa, na tarehe 27 Juni 2002 Mahakama ya Rufaa ya eneo hilo ikaigeuza hukumu. Ilisema kwamba vigae vilivyopachikwa moja kwa moja katika ukuta wa shule si kauli ya mtu binafsi peke yake. Apitaye na kuviona ataamini kwamba shule imeviridhia. Kwa hiyo shule ina haki ya kuchagua kipi kikae na kipi kisikae, mradi iwe na sababu ya maana inayohusu malezi na elimu. Mwezi Januari 2003 Mahakama ya Juu ya nchi ilikataa kuisikiliza kesi hiyo, na mambo yakaishia hapo.

Majaji hao walitumia hoja moja ambayo yafaa tuiangalie kwa makini. Walisema kwamba kama shule italazimishwa isibague maoni, basi siku itakapopachika kigae kisemacho Mungu ni upendo, italazimika kupachika pia kigae cha mtu mwingine kisemacho Mungu ni chuki. Hoja hiyo ni nzito. Sisi wenye dini hupenda kuomba mlango ufunguliwe tukidhani tutaingia peke yetu. Mlango ukishafunguliwa huingia kila mtu, na aliye nyuma yako hujui amebeba nini.

Hata hivyo niseme kwamba kipimo walichokitumia majaji kilinigusa mimi mwandishi wa habari. Hakikutoka katika kesi ya michoro. Kilitoka katika kesi ya gazeti la wanafunzi wa shule ya Hazelwood, jimbo la Missouri. Mwaka 1983 mkuu wa shule hiyo aliondoa kurasa mbili za gazeti hilo kwa kuwa zilikuwa na makala juu ya mimba za wanafunzi na juu ya wazazi wanaoachana. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ikasema alikuwa na haki. Mtu wa kazi yangu hawezi kuishangilia hukumu ya namna hiyo. Rungu alilopewa mkuu wa shule kuondoa msalaba ukutani ni lile lile la kuondoa habari asiyoipenda gazetini. Kwa hiyo anayefurahi leo kwa kuwa limempiga jirani, na akumbuke kwamba rungu halichagui kichwa.

Columbine haikuwa peke yake. Mwaka 2002 shule moja ya sekondari huko Boca Raton, jimbo la Florida, ilikuwa katika matengenezo. Korido zikazibwa kwa mbao za plaiwudi za muda, nazo zikawa zinachukiza macho. Mkuu wa shule akawaalika wanafunzi wazipambe. Akawaambia wasichore matusi wala mambo ya kuudhi watu. Juu ya dini hakusema neno. Mwanafunzi mmoja wa chama cha Kikristo akachora msalaba na maneno ya kuwaita wenzake kwa Yesu. Siku ya masomo ilipofika zogo likazuka. Wanafunzi wakabishana na waandishi wa habari wakafika. Binti yule akaamriwa apake rangi juu ya maneno yaliyomtaja Mungu na Yesu. Naye alikwenda mahakamani, na mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ikaipa shule ushindi kwa kipimo kile kile.

Na liko tukio la upande wa pili. Katika mji wa Cranston, jimbo la Rhode Island, ukumbi wa sekondari moja ulikuwa na sala iliyoandikwa ukutani tangu mwaka 1963. Ilikuwa zawadi ya wanafunzi waliomaliza mwaka huo. Ikakaa miaka mingi bila kesi. Kisha binti mmoja mwanafunzi, asiyeamini dini yoyote, akasema sala hiyo inamwambia kila siku kwamba yeye si wa hapo. Mwezi Januari 2012 jaji akaamuru iondolewe. Yaliyomfika binti yule ni ya aibu. Alitishwa. Mwakilishi mmoja wa bunge la jimbo alimtukana redioni, na maduka ya maua yalikataa kumpelekea maua aliyotumiwa na watu waliomuunga mkono. Watu waliokuwa wakitetea sala ya kumwomba Baba wa mbinguni awafanye wema ndio waliomkosea mtoto wa jirani yao.

Nimezitaja kesi hizi tatu kwa sababu watu huzichukulia kuwa ni vita baina ya wenye dini na wasio na dini. Mimi naona ni zaidi ya hapo.

Alama ya dini haina maana moja hata kwa waumini wenyewe. Siku chache baada ya mauaji ya Columbine, seremala mmoja alitoka jimbo la mbali akasimika misalaba 15 juu ya kilima kilicho karibu na shule. Hesabuni wenyewe: waliouawa walikuwa 13. Misalaba miwili ya ziada ilikuwa ya wauaji. Kwa seremala yule, msalaba ni huruma ya Mungu kwa kila mwenye dhambi. Lakini mzazi mmoja aliyefiwa alikwenda akaing'oa ile miwili. Kwake yeye, kuwawekea wauaji alama ile ile ya mwanawe lilikuwa tusi. Wote wawili ni Wakristo, na msalaba ni ule ule. Kama hao walishindwa kuelewana juu ya kilima kilicho wazi, itakuwaje katika korido ambamo mtoto wa Kiyahudi, wa Kiislamu na asiye na dini hawana njia nyingine ya kufikia darasani?

Hilo ndilo jambo ambalo mara nyingi tunalisahau. Mtu mzima akichukizwa na picha iliyo dukani, hubadili duka. Mtoto wa shule hana uchaguzi. Sheria imemtaka aende, mzazi amemsukuma aende, na kengele ikilia lazima apite pale. Kuta zina masikio, ndivyo tunavyosema. Za shule zina na midomo, na zinasema na mtoto kila siku kwa miaka minne au saba. Ndiyo maana naungana na wale wanaosema ukuta wa shule ya watu wote usiwe mali ya dini moja, hata kama dini hiyo ni yangu, hata kama waumini wake ni wengi kuliko wengine mahali hapo.

Lakini msinielewe kwamba nasema wazazi wa Columbine hawakutendewa ubaya. Walitendewa. Ubaya wao uko mahali pengine, si katika sharti la dini peke yake. Uko katika kuualika msiba mahali ambapo msiba hautakiwi. Shule ilisema ukuta huu si wa maombolezo. Vema. Basi kwa nini iliwaita wafiwa kuja kuupamba? Huwezi kumwalika mtu matangani ukamwambia asilie. Huwezi kumpa mama aliyefiwa brashi, ukamwambia achore chochote isipokuwa mwanawe na Mungu wake. Kwa waumini wengi, mauti yakishafika, hakuna lugha nyingine iliyobaki ila lugha ya dini. Ukimkataza hiyo, umemkataza kusema. Ukuta ule mmoja ulipewa kazi mbili, kuwafariji waliofiwa na kuwasahaulisha wanafunzi. Kazi hizo mbili hazikai mahali pamoja.

Kosa la Boca Raton ni jingine, nalo ni jepesi zaidi kuliepuka. Pale sharti la dini lilitokea rangi ikiwa imeshakauka. Ahadi ni deni. Ukimwambia mtoto achore, kisha ukamrudisha afute kwa kosa ambalo hukulitaja, umemfundisha kwamba neno la mkubwa halina uzito. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa mkuu wa shule hakuziba ufa, na ukuta uliojengwa ukawa baina ya wanafunzi wake wenyewe.

Tuje kwetu. Kuta za shule zetu nazo zimechorwa. Nenda shule nyingi za msingi utakuta ramani ya Afrika, mfumo wa chakula mwilini, herufi na namba, na maneno ya kuhimiza elimu. Siku hizi huja pia wafadhili na wasanii, wanawakusanya watoto na makopo ya rangi, na kila mtoto anachora anachokipenda. Ni jambo zuri. Lakini watoto wetu ni watoto wa nyumba zenye dini. Ukimwambia mtoto chora unachokipenda, wako watakaochora msalaba, wako watakaochora mwezi na nyota au msikiti wa kijijini kwao. Na yuko ambaye babu yake bado anatambika, naye atachora mti ambao mwalimu ataudhani kuwa ni mti tu. Kwani njiwa ni ndege, au ni Roho Mtakatifu? Samaki ni kitoweo, au ni alama ya Wakristo wa kale? Nani katika shule ameteuliwa kuwa mfasiri?

Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Katika mwaka 1969 shule nyingi zilizokuwa za mashirika ya dini zilitwaliwa na serikali ili mtoto yeyote aweze kuzisoma bila kuulizwa dini yake. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, na inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mafundisho ya dini yana kipindi chake, kila mtoto na mwalimu wa dini yake. Mpango huo si mbaya. Kinachopungua ni kwamba hatujajiuliza sana juu ya vile visivyo na kipindi: ukuta, wimbo, pambo, zawadi ya mfadhili. Mambo hayo huachiwa mwalimu mkuu ayaamue siku ugomvi umeshafika mlangoni.

Wenzetu wa Marekani nao hawajamaliza. Mwaka 2024 jimbo la Louisiana lilipitisha sheria ya kutaka Amri Kumi zibandikwe katika kila darasa la shule ya umma, na mwaka 2025 jimbo la Texas likafuata. Sheria zote mbili zilipingwa mahakamani. Hapo si mtoto anayechora tena, ni serikali inayobandika. Angalieni jinsi swali lilivyogeuka: jana ilikuwa mzazi aliyefiwa anaomba nafasi ya inchi 4, leo ni bunge linalotaka darasa zima.

Basi nawashauri walimu wakuu na kamati za shule mambo matatu, kabla hata kopo la rangi halijafunguliwa. Kwanza, ulizeni ukuta huu ni wa kazi gani, na ukishapewa kazi moja usipewe ya pili. Pili, semeni masharti mapema, yaandikwe, yawe yale yale kwa Mwislamu, kwa Mkristo na kwa asiye na dini, na yasibadilike katikati ya kazi kwa kuwa fulani amelalamika kwa sauti kubwa zaidi. Wazazi wa dini zote wawepo yanapotungwa. Tatu, amueni mapema mchoro uliokataliwa utakwenda wapi. Mtoto arudishiwe kazi yake kwa heshima, aipeleke nyumbani, asiuone mchoro wake umepakwa chokaa mbele ya wenzake.

Na pale penye msiba wa kweli, maana nasi tumezika watoto wa shule kwa moto wa bwenini na kwa ajali za barabarani, tengeni mahali pa maombolezo palipo mbali na mlango wa darasa. Hivyo ndivyo walivyofanya Columbine mwishoni. Tarehe 21 Septemba 2007 palifunguliwa mahali pa kumbukumbu katika bustani ya umma iliyo jirani na shule. Pale kila familia ilipewa nafasi iandike juu ya jiwe maneno yake yenyewe juu ya mpendwa wake. Waliotaka kumtaja Mungu walimtaja. Anayekwenda kusoma maneno yale anakwenda kwa miguu yake na kwa hiari yake, na mtoto aliyechelewa somo la hesabu halazimiki kupita hapo. Ilichukua miaka minane na kesi moja kufika mahali ambapo wafiwa wanaweza kulia na wanafunzi wanaweza kusoma. Sisi tunaweza kufika bila kesi, tukianza na maswali.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa.